Ujiji, lakini mchukueni na bibi

Swali lenu la wiki lilikuwa: ukiwa na siku moja tu na watoto, ungewapeleka sehemu gani ya kihistoria? Mimi nakaa Mwanga, Kigoma mjini, kwa hiyo jibu langu halina nauli kubwa: Ujiji. Ila nina sharti. Msiende bila mzee wa hukohuko.

Desemba iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja likizo kutoka Dar. Tukapanda daladala, yeye, wanangu wawili na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ujiji, Mmanyema kwelikweli. Tulianzia kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Kuna mnara, makumbusho, na miembe iliyotokana na ule mwembe unaosemekana Stanley alimkuta mzee wa watu chini yake mwaka 1871. Magofu ya kupigia picha kama ya Kilwa usiyatafute. Dakika ishirini watoto walikuwa wameshamaliza, wanaulizia maembe.

Mama mkwe akavua viatu, akakaa kivulini.

“Hao wawili walikutana tu,” akasema. “Mizigo yao ilibebwa na nani?”

Akawaeleza kwamba misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaja kuishia hapa, na kwamba kutoka Manyema, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, zilivushwa pembe za ndovu pamoja na watu. Babu wa babu yake alivuka akiwa mtoto. Yule wa Dar, asiye na haya, akauliza jambo ambalo mimi, kwa miaka kumi na minne ya ndoa, sijathubutu: “Bibi, alikuwa ameuzwa?”

“Alivuka,” akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Tukashuka ufukweni. Ni mwendo kidogo, na wanangu wakahoji: kama mitumbwi ilikuwa inafika Ujiji, mbona ziwa liko mbali hivi? Hili angalau nilikuwa na jibu lake. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Enzi zile mlango huo ulizibwa na matope na majani, ziwa likajaa. Mnamo 1878 ukazibuka, na miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Ufukwe ukahama, mji ukabaki. Tusijisahau lakini, miaka ya karibuni ziwa lilipanda tena, na waliojenga karibu wanajua kilichowapata.

Mgeni wetu alionja maji kwa kidole. “Shangazi, bahari yenu haina chumvi!” Nilipomwambia kina chake kinafika mita 1,470 alirudi nyuma hatua mbili, kana kwamba shimo linaanzia miguuni pake. Migebuka ya mawese na ugali wa muhogo ndiyo iliyomtuliza. Alikula kuliko mimi.

Daladala ilichelewa. Jua likazamia Kongo, taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka moja moja ziwani. Nilidhani mtoto amelala mapajani mwa mama mkwe.

“Bibi, alivuka na nani?”

Mama mkwe alikaa kimya mpaka nikajua hatajibu.

“Na dada yake,” akasema. “Dada yake alibaki Ujiji siku tatu tu.”