Malipo ya alizeti yamerudi benki

Pole dada. Umesema mnunuzi wa Dar alikulipia alizeti kwa benki, akakurushia picha ya risiti, kesho yake akadai pesa imerudi; sasa unahofia imeliwa. Huenda haijaliwa. Malipo yakikataliwa na benki inayopokea hurejeshwa kwa aliyetuma, ila huweza kukwama siku kadhaa kwenye akaunti ya muda ya benki kabla hajayaona.

Kwanza mwombe mnunuzi namba ya kumbukumbu ya muamala na sababu iliyoandikwa. "Imerudi" peke yake si jibu. Mara nyingi ni namba ya akaunti iliyokosewa, akaunti iliyolala kwa kutotumika, au jina kutolingana: amejaza jina la duka, kumbe akaunti ni yako binafsi. Na wahasibu wanaolipa watu wengi kwa jedwali la kompyuta huangushwa na kitu kidogo sana: namba ikianza na 0, jedwali huila hiyo 0, tarakimu zinapungua moja.

Nenda tawini kwako hapo Dodoma na kitambulisho, wakuchapie jina na namba ya akaunti kama zilivyo kwenye mfumo. Mtumie hizo. Asitume tena kabla ya kuona ya kwanza imerudi kwake, mtakuja kugombana.

Magunia yasitoke ghalani kwa picha ya risiti. Angalia salio lako mwenyewe. Benki wakizungusha, andika malalamiko na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipojibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko.