Maswali ya Wasomaji: Misani Tumebaki Wangapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya parokia hapa Kadutu, Bukavu. Misa ya pili naiona ina viti vitupu, na vijana wetu wanaonekana kwenye makanisa ya uamsho. Lakini Baba Paroko akifungua daftari la ubatizo, anasema tunaongezeka. Nani anaona sawa? Na huko Ulaya, ni kweli Kanisa Katoliki linakwisha?

JIBU: Ndugu mjumbe, mnaweza kuwa mnaona sawa wote wawili. Daftari la ubatizo humwandika anayeingia, kisha kipaimara na ndoa huongezwa kando ya jina lake. Aliyeacha kusali halimjui. Hata ile hesabu ya Wakatoliki karibu milioni 55 wa Kongo ni ya waliobatizwa, si ya wanaofika misani.

Ujerumani mambo ni mengine. Mwumini hulipa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, na anayetaka kutoka hujiandikisha serikalini kwamba ametoka. Ndiyo maana inajulikana kuwa mwaka 2024 walitoka Wakatoliki zaidi ya 321,000. Ufaransa nako, Pasaka ya 2025 walibatizwa watu wazima 10,384, kwa hiyo msiseme Ulaya imekwisha. Kwetu hakuna anayetia sahihi. Mtu anaondoka kimya, jina linabaki.

Basi hesabuni vichwa. Wajerumani huhesabu Dominika mbili kwa mwaka, moja ya Kwaresima na moja ya Novemba. Nanyi chagueni mbili za kawaida, si Matawi wala siku ya komunyo ya kwanza, na mzirudie zilezile kila mwaka. Hesabuni misa zote za siku hiyo, maana pengine watu wa misa ya pili wamehamia ya kwanza tu.

Saa nzuri ni mwisho wa mahubiri: waliochelewa wameshafika na watu bado wameketi. Katika misa yetu ya taratibu ya Kongo, baada ya hapo inakuja Nasadiki, toba, amani, kisha maandamano ya matoleo. Watu wakianza kucheza, hesabu imepotea. Wekeni wahesabuji wawili kila upande, kila mmoja na maharagwe katika mfuko wa kulia. Kila watu 10, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Wawili wakitofautiana sana, upande huo urudiwe papo hapo. Msisahau kwaya, watoto, na wanaosimama nje mlangoni.

Msihesabu kwa hostia. Wenye ndoa ambazo hazijafungwa kanisani hawakomuniki, na parokia zetu wanao wengi. Sadaka nayo inafuata hali ya soko kuliko wingi wa watu.

Idadi haitawaambia nani hayupo. Hilo linajulikana katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya waumini majirani. Kila shirika liandike nyumba zake kwa majina, na kando ya kila jina: anakuja, amehama, ameacha. Msichanganye mbili za mwisho. Aliyekimbia vita hajaacha imani. Chukueni pia orodha ya waliopata kipaimara miaka 2 iliyopita, muulize ni wangapi leo wako kwenye kwaya, Xaveri (chama cha vijana Wakatoliki) au kikundi chochote. Hapo ndipo vijana wanapopotelea: mafundisho yameisha, na hakuna aliyewapa kazi.

Wanaoacha watembelewe na watu wawili, mmoja wa rika lao, bila daftari la michango mkononi. Mara nyingi mtasikia habari ya saa ya misa kugongana na soko, au ya aibu. Ikiwa shirika lenu linasoma majina ya wenye deni mbele ya watu, liache kufanya hivyo kuanzia Dominika hii. Mama aliyetajwa kwa franka chache harudi, na watoto wake wanamfuata. Deni libaki kati yake na mtunza hazina.