Maswali yenu: Vijana watano, laki nne, na jarida la hadithi

SWALI: Shikamoo kaka. Sisi ni vijana watano hapa Moro, tunaandika hadithi fupi na mashairi, kila Jumamosi tunakutana tunasomeana, sasa tumechoka kusomeana wenyewe kwa wenyewe tunataka tutoe jarida la kushika mkononi, la karatasi kabisa. Tumechangishana tumepata laki nne. Jamaa mmoja wa mambo ya uchapaji katuambia tujikaze tuongeze hela tuchape nakala elfu moja, eti hapo ndo bei inashuka. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa hajawadanganya, ila kaongea kama mwenye mashine. Kwenye ofseti, ile mashine kubwa ya kiwandani, hela kubwa inaliwa mwanzoni, kutengeneza plet (bamba la chuma lenye sura ya kurasa) na kuseti mashine, ukichapa nyingi ile gharama inagawanyika ndo maana nakala moja inaonekana bei chee. Sasa niambie, hizo elfu moja unamuuzia nani? Mi yalishanikuta haya, nyumbani kuna maboksi mpaka leo mke wangu anawekea pasi juu yake.

Anzeni na nakala 100, mkachape kwenye mashine ya dijitali ambayo haina mambo ya plet. Saizi A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati. Karatasi moja hapo inabeba kurasa nne, mbili mbele mbili nyuma, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, ukipeleka kurasa 38 jua mbili zitatoka tupu. Tuseme mna kurasa 40: hizo ni karatasi 10 kwa nakala, nakala 100 ni karatasi 1,000, rimu mbili basi, ongeza nusu rimu ya zitakazoharibika maana lazima ziharibike. Ndani tumia ya gramu 80 hii ya kawaida, kava gramu 250, piga pini mbili kwenye mkunjo, kata ukingo, kwisha. Mkishapita kurasa 60 hivi kitabu kinaanza kubenuka hakifungi vizuri, hapo ndo mnaanza kutafuta gamu ya mgongoni na bei nayo inapanda, sasa haraka ya nini?

Na kabla hamjaenda kwa mchapaji tengenezeni dami, yaani kitabu cha mfano. Chukua karatasi 10, zipange, zikunje pamoja, andika namba za kurasa kwa kalamu kuanzia 1 mpaka 40, halafu zifungue. Utakuta ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa ukurasa wa 40, wa 2 uko na wa 39. Wengi wanalia hapa, wanapeleka faili halafu hadithi inarudi katikati yake pamekaa shairi la mtu mwingine.

Hiyo laki nne msiimalize. Tengeni kabisa nusu yake kwa ajili ya toleo la pili, na ikae kwa yule mbahili kati yenu (kila kikundi kinaye).

Halafu chagueni mmoja awe na kauli ya mwisho, mkiwa wahariri watano wa kura hamtamkatalia mtu hadithi yake, mtaoneana haya tu. Na msijaze hadithi zenu watano jamani! Tangazeni, pokeeni za watu msiowajua, na anayekataliwa ajibiwe, hata kwa mistari miwili. Chuo cha Makerere kule Uganda walikuwa na Penpoint, ilianza 1958, jarida la wanafunzi tu, Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, hadithi zake za mwanzo zilitokea humo akiwa bado mwanafunzi. Kwa hiyo huyo atakayewaletea hadithi kwenye daftari lenye mafuta ya taa msimdharau.

Kuuza: waliotaka walipie kabla, zinazobaki pelekeni dukani mali kauli, tanotano, mwenye duka asaini kwenye daftari.

Mambo ya serikali pia. Chapisho linalotoka kila baada ya muda linaguswa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kaulizeni leseni Idara ya Habari MAELEZO kabla, sio baada. Mkiamua kutoa kama kitabu kimoja tu cha mkusanyiko, hiyo ni ISBN, namba ya kitabu, mnaomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Jarida lenyewe namba yake ni ISSN, ina tarakimu nane na inabaki ileile matoleo yote.

SWALI: Kaka, niko Mombasa. Jarida dogo limekubali hadithi yangu, hawalipi, na wanataka nitie sahihi kwamba hadithi sasa ni yao. Nitie?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Usitie dada. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hadithi ni yako tangu ulipoiandika, inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa, na kuihamisha kwa mtu mwingine lazima kuwe na maandishi yenye sahihi yako, ndo hiyo wanayoitafuta. Waandikie kwamba unawapa ruhusa ya kuichapa mara ya kwanza peke yake, baada ya hapo uko huru kuipeleka popote. Wengi wao wala hawana ubaya, wamenakili fomu mahali bila kuisoma. Kutolipwa sawa, jarida dogo halina hela, lakini nakala mbili za bure udai, na siku ya kuzifuata mnunulie mhariri chai, naye pia halipwi.