Pakua cha mbwa kabla hujakata kitunguu

Siku ya nne baada ya Idi ndogo, Popi alikataa kunyanyuka. Alikuwa na wiki 11, mtoto wa mbwa ambaye kwa kawaida husikia kabati la unga likifunguliwa hata akiwa nyuma ya nyumba. Asubuhi ile nilifungua kabati, nikalifunga, yeye akanitazama tu akiwa amelala kwenye gunia lake. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa zimepauka kama unga wa muhogo. Mkojo aliouacha sakafuni alfajiri ulikuwa umekolea wekundu, rangi ya chai isiyo na maziwa.

Daktari wa mifugo aliniuliza kabla hata hajamgusa: "Mmempa nini cha jikoni?"

Nilimtajia biriani. Jirani yangu alikuwa ametuletea sinia zima la sikukuu, tukala tukashiba, na kilichobaki chini, masala na vile vitunguu vya kukaanga, nikamwekea Popi kwenye bakuli. Niliona nampa kilicho kizuri. Daktari akanieleza polepole kwamba kitunguu maji, kitunguu saumu na hata majani ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Vya kukaanga ni vibaya zaidi kwa sababu maji yamekwisha: vitunguu vitatu vinasinyaa vikawa konzi moja, na konzi hiyo mbwa anaimeza mara moja. Kwa mbwa wa kilo 4 kama Popi, gramu 20 hivi za kitunguu kibichi zinatosha kuanza kumdhuru. Na dalili hazionekani siku hiyo hiyo. Zinakuja baada ya siku mbili, tatu, nne, wakati wewe umeshasahau alichokula.

Aliwekewa dripu, akapona, lakini fizi zilichukua karibu wiki tatu kurudi kwenye wekundu wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wote wanaochukua mtoto wa mbwa: angalia upishi wetu unaanzia wapi. Mchuzi, maharage, rosti, pilau, mchicha, hata makande ya hapa kwetu Moshi, vyote vinapita kwenye kitunguu. Kwa hiyo ukisema mbwa atakula makombo, umesema mbwa atakula kitunguu kila siku. Najua utaniambia mbwa wa nyumbani kwenu alikula ukoko na mchuzi miaka kumi. Wa kwetu pia. Lakini yule alikuwa mbwa mzima wa kilo 20 na zaidi, na mchuzi ulikuwa wa kulowanisha ukoko tu. Kitoto cha kilo 4 hakina nafasi hiyo ya kukosea.

Sikuacha kumpikia. Nilibadilisha mpangilio. Maharage nayachemsha bila kitu, napakua ya Popi, ndipo naunga. Makande vivyo hivyo. Boga, viazi vitamu na mchicha vinachemshwa kwanza vikiwa vitupu, bila chumvi, kiasi chake kinatoka, halafu sufuria inaendelea na safari yake. Kitunguu hakikatwi mpaka bakuli lake limeshajaa na limewekwa juu kupoa. Hakuna gharama mpya hapo, na moto ni ule ule.

Cha kumjengea mwili nategemea dagaa wa Mwanza ninaowanunua soko la Mbuyuni. Hawa huanikwa juani, mara nyingi chini, na mchanga unawafuata mpaka nyumbani. Nawamwagia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nawakoroga kwa mkono, nawaacha watulie kidogo, kisha nawaokota kwa juu bila kumwaga maji. Ukimwaga unaurudisha mchanga wote. Narudia mara tatu, mpaka nikipitisha kidole chini ya beseni kisikwaruze. Kisha nawachemsha na kuwaponda pamoja na boga, ugali laini au wali kidogo, na mboga za majani. Dagaa wa kutiwa chumvi siwatumii kabisa.

Kuna jambo la mifupa ambalo wengi hawaambiwi. Mtoto wa mbwa anayekula ugali na nyama tupu hukosa madini ya chokaa, na miguu inaweza kupinda. Dagaa wanaoliwa wazima wana mifupa yao, hivyo wanasaidia. Siku za nyama au firigisi, daktari alinielekeza kuongeza maganda ya yai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa mpaka yakawa unga laini, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Wewe muulize wako, maana mbwa wa mbegu kubwa wanadhurika hata madini hayo yakizidi. Mimi nachanganya pia na chakula kikavu cha dukani cha watoto wa mbwa, kwa sababu kupika peke yake na kupatia kila kitu ni kazi ngumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Na unga. Hapa naomba unisikilize. Sokoni utaoneshwa mahindi yaliyoota ukungu kwa bei ya kutupa, na muuzaji atakwambia, "Chukua, si ya mbwa?" Usichukue. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa haraka sana na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inawapiga ini, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Ni sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Popi anakula unga ninaokula mimi, kutoka mfuko ule ule.

Upande wa hatari ya jikoni kwenyewe, mimi napikia gesi na mkaa, na jiko la mkaa liko chini, sawasawa na pua yake. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimfungia nje, analia, nami naungulisha chakula kwa kumwonea huruma. Kilichofanya kazi ni gunia. Nililikunja mara mbili, nikaliweka hatua tatu kutoka kwenye jiko, na kila alipolikanyaga nilimrushia dagaa mmoja mkavu. Akitoka, simwiti wala simfokei, namrudisha tu. Siku ya tisa alikwenda mwenyewe aliponiona nimeshika mwiko. Nilifanya hivyo kwanza jiko likiwa baridi, na naona huo ndio msingi, kwani huwezi kufundisha huku mafuta yanachemka.

Chagua pia chakula kinacholingana na umri wake. Mtoto wa miezi miwili hula mara nne kwa siku, na ndani ya robo saa au nusu saa baada ya kula lazima atoke nje. Chapati hazikubali hali hiyo: mikono ina unga, kikaango kiko motoni, na yeye ameanza kuzunguka akinusa sakafu. Miezi ile ya mwanzo tulikula makande, maharage na supu, vitu unavyoweza kuviacha vichemke taratibu huku umesimama uani ukisubiri mbwa amalize haja. Maandazi niliyaahirisha mpaka akawa na miezi minne, na hata sasa beseni la unga wenye hamira naliweka juu ya kabati, kwa sababu unga huo ukimezwa mbichi unaendelea kuumuka tumboni. Zabibu kavu za pilau nazo nimezihamisha huko huko juu, maana zinaweza kumharibu figo.

Sufuria yake, mwiko wake na bakuli lake ni vya peke yake, vinaoshwa kwa beseni lake uani. Jirani yangu ni Mwislamu, tunaishi kwa kupeana sahani, na sitaki aingie jikoni kwangu na shaka moyoni. Nilimwonyesha mwenyewe vyombo hivyo vinapokaa. Habari ya biriani sikuwahi kumwambia kwa namna ya kumlaumu, kwani yeye alituletea sisi, si mbwa. Lakini aliona dripu, akauliza, nikamweleza.

Idi ya kuchinja ilipofika, Popi akiwa na miezi mitano, jirani alikuja tena na sinia lake limefunikwa kitambaa. Juu yake kulikuwa na kopo dogo la siagi, ndani wali mweupe na vipande viwili vya nyama ya kuchemsha.

"Jirani, hiki cha Popi," akasema. "Nimekipakua kabla sijatia kitunguu."