Si Kila Kitu ni Misuli

Nina ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, wa aina ya Becker, na kwa miaka mingi kila nilipolalamikia jambo jipya nilijibiwa kwamba ndiyo maradhi yenyewe hayo. Misuli iliyokwisha hairudi, ni kweli. Lakini mengi yanayoifuatia yana kinga au tiba, na aghalabu hayo ndiyo yanayotulaza hospitalini.

Msimu mmoja wa kaskazi, nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ikifuka joto kama tanuri, nilikuwa nikiamka kichwa kinaniuma, na ikifika saa nne kimetulia. Mama alisema ni joto. Zahanati moja ikanipa dawa za malaria mara mbili bila kunipima. Kumbe kiwambo cha pumzi, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kilikuwa kimelegea, hata nikilala hewa chafu ya kaboni dioksidi hairudi nje ipasavyo, ikirundikana mwilini hadi alfajiri. Daktari wa kifua aligundua kwa kunipulizisha kipimo, kwanza nimekaa, kisha nimelala chali, akalinganisha. Sasa nalala na barakoa ya mashine ya kusaidia kupumua, pamoja na betri ya akiba, maana stima hupotea. Ukiwekewa oksijeni hospitalini, wakumbushe kupima gesi za damu, kwani oksijeni peke yake haiiondoi hewa hiyo chafu na huweza kuizidisha.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa maji. Choo kiko chini, ngazi zina mwinuko mkali, na kila haja ilikuwa lazima kakangu anibebe; basi nikawa nanywa vikombe viwili vya chai kutwa nzima. Tumbo likafunga siku sita, likajaa, likasukuma kifua, na pumzi ikazidi kuwa fupi. Dawa yake ilikuwa chupa ya kukojolea, ambayo bei yake ni ndogo kuliko aibu niliyokuwa nayo, na papai baada ya mbaazi na mahamri.

Moyo nao ni msuli, na katika aina yangu unaweza kudhoofika hata kwa mtu ambaye bado anatembea. Hivyo upimwe kila mwaka, usingoje miguu ivimbe. Kabla ya upasuaji wowote, utaje ugonjwa wako kwa mtoa dawa ya usingizi, kwani baadhi ya dawa hizo ni hatari kwetu.

Imebaki ngozi, ambayo jasho la Mombasa haliihurumii. Kitini najiegemeza upande mmoja, kisha wa pili, mara kwa mara, na jioni kakangu hunimulika makalio kwa tochi ya simu. Akiona doa lisilofifia akilibonyeza, ambalo ni dalili ya kidonda cha kukaa sana, kesho yake sikalii kiti.