Kelele za dume, lawama kwa bibi

Mhariri mmeuliza wiki hii ni ndege au mnyama gani tungembadilishia jina, sasa wangu, bata mkia mrefu, keshabadilishiwa zamani ila niacheni niseme maana bado linanikera.

Mi naishi Toronto na kila winta nawaona pale Ziwa Ontario, bata wadogo weusi kwa weupe wanaoshuka toka Aktiki wakikimbia barafu. Dume ana manyoya mawili ya mkia marefu membamba, akizama mpaka unamsahau, huyu anaweza kupiga mbizi hata mita 60 na huko chini anasukuma maji kwa mabawa. Na kabla hujawaona umeshawasikia, aa-aa-auliii, wakiwa mia ni kama baraza la kahawa limegombana.

Ndo maana watu wengi wamempa jina kwa masikio. Orkney na Shetland kule Scotland ni calloo, huku Kanada, Quebec wanamwita kakawi na Newfoundland wanasema hound, yaani mbwa wa kuwindia, manake kundi likilia mbali unadhani mbwa wanafukuza kitu. Kama dudumizi wetu tu, ndege kajitaja mwenyewe.

Sasa Wamarekani wao vitabuni waliandika oldsquaw! Squaw ni neno la dharau kwa mwanamke wa wenyeji asilia wa kule, kwa hiyo eti bata anapayuka kama kibibi chao. Na kinachonimaliza, anayesifika kwa makelele hayo ni DUME jamani. Sisi mpayukaji tunamwita chiriku, awe mama awe baba, yameisha.

Jina hilo la oldsquaw lilikaa hivyo mpaka 2000 ndo chama cha wataalamu wa ndege Marekani kikaweka long-tailed duck, bata mkia mrefu, kama Waingereza walivyozoea kumwita. Walioomba ni wataalamu wa Alaska, walihitaji wenyeji wawasaidie kumhifadhi bata anayepungua, na utamuombaje mtu msaada huku unamtukania bibi yake? Chama kikajibu kuwa sababu hiyo peke yake haitoshi, kinabadilisha ili kiendane na Kiingereza cha kwingine. Haya bwana.

Ila ningeulizwa mimi ningechukua kakawi, kwa sababu huo mkia mrefu anao dume tu, jike hana. Yaani kelele za mume kasingiziwa mke, na jina lilipokuja kusafishwa akapewa mume.