Muulize analala wapi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa amenipokonya simu. Umesema mfugaji mmoja wa huko Dar ana watoto wa mbwa wa wiki 8, wale wa Kijerumani, German Shepherd, na pia ana dume mmoja wa miezi 14 aliyekulia ndani ya nyumba yake, anamtoa kwa bei ileile. Wewe moyo wako uko kwa mkubwa. Mkwe wangu anasema mkubwa hatawazoea, samaki mkunje angali mbichi. Ukamalizia: "Baba, wewe ulikuwa bwana mifugo, tuamulie." Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana nikirekodi sauti mama yako ataingilia.

Mwambie mkwe wangu methali yake haina kosa. Ila mbwa wa miezi 14 amekwisha kukunjwa zamani. Sasa ni kujua amekunjwa na nani, na wapi. Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya makaratasi ya ukoo, muulizeni huyo mfugaji: huyu mbwa usiku analala wapi?

Unamkumbuka yule mbwa wa nyuma ya tangi? Ulikuwa darasa la tatu. Nilimchukua kwa mfugaji aliyekuwa na mabanda 12 yamepangwa mstari kama vibanda vya soko. Dume wa miaka 2, mgongo umenyooka, manyoya yanang'aa. Nikamfunua meno, nikatazama macho, nikapapasa tumbo, nikainua mkia. Yote niliyofundishwa chuo cha mifugo Tengeru niliyafanya, nikamkagua kama ng'ombe wa mnadani, nikalipa.

Nyumbani nikamwingiza sebuleni ili mama yako amwone. Akaweka mguu mmoja kwenye marumaru, ukateleza. Akaweka wa pili. Mara miguu yote minne ikatawanyika, akabaki amelala kifudifudi katikati ya sebule, kilo zaidi ya 30 za mbwa, anatetemeka mpaka kidevu kinagonga sakafu. Akajikojolea palepale. Alikuwa hajawahi kukanyaga sakafu inayong'aa. Hajawahi kusikia kifuniko cha sufuria kikianguka, wala feni, wala mtoto anayekimbia. Dunia yake ilikuwa saruji, wavu, na bakuli la chakula asubuhi na jioni. Tulipomfungulia uani akaenda moja kwa moja nyuma ya tangi la maji, akakaa huko siku 11. Alikula usiku, sisi tumelala. Mama yako akawa anafulia karibu na tangi makusudi, anaimba, ili amzoee sauti. Hakumuuma mtu hata siku moja, masikini, lakini hakuwahi kuwa wetu. Mpaka anakufa, mlango wa jikoni aliutazama kama mdomo wa mamba.

Kosa halikuwa lake. Mbwa ana kipindi chake cha kuipokea dunia, tangu kama wiki ya 3 hadi ya 12 au 14. Anachokutana nacho humo kwa amani, iwe mtoto, mwavuli, baiskeli au redio, kinakuwa cha kawaida kwake. Asichokutana nacho huja kukiogopa, na kumtoa woga huo ni kazi ya miezi, pengine isiishe. Ndiyo maana mbwa wawili wa tumbo moja, mmoja akikulia jikoni na mwingine bandani, wakifika mwaka ni wanyama tofauti kabisa.

Alipokuja mbwa mwingine, Watasema, nilikuwa nimeshajifunza. (Jina alikuja nalo. Aliyempa jina hilo alikuwa na ugomvi na majirani, na wewe unajua huku mbwa huitwa ili jirani asikie.) Alikuwa jike wa miaka 4, amestaafishwa kuzaa, analala chini ya meza ya jikoni kwa bibi aliyekuwa akimfuga. Siku alipofika kwetu alizunguka vyumba vyote akinusa, akafika kwenye friji, akajipinda mara tatu akalala. Wiki ya kwanza alikuwa mgeni mwenye adabu, anakula nusu bakuli na kuangalia geti. Mwezi wa pili akaanza kumbwekea muuza maziwa. Wa tatu, nikisafiri kikazi, mama yako akawa ananipigia simu: mbwa wako amegoma kula mpaka urudi. Basi hilo la kuzoea mkwe wangu asiwe na hofu nalo. Mbwa mkubwa aliyewahi kumpenda mtu ana kazi ya kuhamisha mapenzi tu. Yule wa nyuma ya tangi hakuwa na kitu cha kuhamisha.

Sasa muulizeni mfugaji pia kwa nini huyo dume bado yupo. Msione haya.

Mfugaji anayeijua kazi yake hubakiza mmoja au wawili katika uzao, wale aliowaona bora. Kwenye wiki 8 hakuna anayejua kwa hakika, kitoto ni ahadi. Anasubiri meno ya ukubwani, ambayo yanakuwa yamekamilika kwenye miezi 7 hivi, yote 42, ya juu na ya chini yakutane kama mkasi. Anasubiri masikio yasimame na korodani zote mbili zishuke. Anasubiri afikishe mwaka apigwe eksirei ya nyonga, kwa sababu hawa Wajerumani, tangu Max von Stephanitz aandikishe wa kwanza wao mwaka 1899, wamesifiwa kwa akili na ujasiri, lakini nyonga zimekuwa mzigo wa ukoo: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, mbwa anazeeka miguu ya nyuma kabla ya wakati.

Ikiwa korodani moja imegoma kushuka, kwa mfugaji hesabu imekwisha. Hafai kuzalisha, hafai maonyesho. Kwenu Goba kuna hasara gani? Atahasiwa, na ile iliyobaki tumboni daktari aitoe, maana ikiachwa humo yaweza kuota uvimbe. Pungufu ya jino moja? Hamumwajiri kutafuna miwa. Sikio moja limelala? Mjukuu wangu atalipenda hilohilo. Dosari za namna hii ni bahati yenu, mnapata mbwa aliyelelewa kama mteule kwa bei ya kitoto.

Nyonga ni jambo jingine. Akisema nyonga, muone picha yenyewe, mwende nayo kwa daktari wenu, si wake. Na kama mbwa alishauzwa akarudishwa, mjue kilichomrudisha: aliuma, aliruka ukuta, au mwenyewe alihamishwa kikazi? Majibu hayo hayafanani. Mfugaji akikwambia "hana shida yoyote, namtoa tu," nyweni soda yake, muage kwa heshima, mpande gari.

Mkifika kwake ombeni kumwona ndani, si uani. Uani kila mbwa ni shujaa. Mbwa wa ndani ana mahali pake, na mahali hapo panaonekana: mkeka wenye manyoya, ukuta wenye weusi wa mafuta ya mgongo kwa urefu wa mbwa aliyelala. Hata mkeka ukitolewa, atakwenda kulala palepale. Usipoona alama yoyote, basi huyo ameogeshwa na kuingizwa ndani asubuhi hiyo kwa ajili yenu. Kisha mwombe mama mwenye nyumba aangushe kifuniko cha sufuria. Mbwa atashtuka, kushtuka si kosa, hata mimi ningeshtuka. Tazama sekunde 10 zinazofuata. Akirudi kunusa kile kifuniko, mmepata. Akitoweka chini ya kochi na asitoke hata kwa kipande cha nyama, huyo ni ndugu wa yule wa nyuma ya tangi.

Halafu mfungeni kamba mtoke naye getini, bila mfugaji na bila mbwa wenzake, mpaka barabarani penye bodaboda. Mbwa wengi wana ujasiri wa kuazima kwa wenzao, na mnayemnunua ni huyu peke yake. Mpandisheni na kwenye gari, mzunguke kidogo.

Nendeni na mtoto, na zaidi ya yote nendeni na dada. Ulisema dada anaogopa mbwa. Wewe unatoka nyumbani saa 11 alfajiri kuiwahi foleni na unarudi giza limeingia, mkwe wangu ndiyo hivyohivyo. Atakayeishi na huyu mbwa ni dada. Kura yake ni nzito kuliko zenu mbili, na akisema hapana msimbembeleze kwa nyongeza ya mshahara.

Ratiba hiyohiyo ndiyo inanifanya niegemee upande wako. Kitoto cha wiki 8 hakiwezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili tatu, usiku na mchana, na lazima awepo wa kukitoa nje. Chanjo zake hazikamiliki mpaka wiki ya 16, na pavo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua vitoto, ikishaingia kwenye udongo wa uani inakaa miezi, hata mwaka. Nimeshafukia vitoto vya watu vilivyonunuliwa Jumamosi vikiruka na kuzikwa Jumamosi iliyofuata. Kama ungekuwa nyumbani mchana, ningekwambia chukua kitoto na ufurahi nacho, utoto wa mbwa ni mtamu, na kwa mkubwa mtaukosa. Mtapokea pia mila za nyumba ya watu. Kama kule alipanda kochi, kwenu atapanda. Kama alipewa tonge la ugali mezani, atakuja kusimama kando ya mjukuu wangu akisubiri lake. Ulizeni mapema ili mjue mnahamia na nini.

Na jambo la majirani. Ulisema jirani wa ukuta mmoja hupita getini kwenu kila alfajiri akienda msikitini. Mtu aliyetia udhu hataki mate ya mbwa kwenye kanzu, na ana haki yake. Kitoto huwezi kujua atabweka namna gani, huyu mkubwa unaweza kumsikia leo. Simameni nje ya geti la mfugaji kabla ya kugonga, msikilize. Mkishamchukua, nendeni kwa jirani mmweleze nyinyi kabla mbwa hajamweleza.

Kadi ya chanjo nataka niione mwenyewe, pigeni picha kurasa zote. Kila chanjo iwe na ile stika ya kichupa, tarehe na sahihi ya daktari. Ya kichaa cha mbwa isiwe imepita mwaka. Hilo sina mzaha nalo, nimewahi kufika kwenye msiba wa mtoto aliyeumwa na mbwa wa nyumbani kwao, na ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hakuna hospitali ya kukimbilia. Ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, nayo iwemo. Watu huidharau. Mwaka 1994 nilikuwa kazini Mara wakati simba wa Serengeti walipoanza kuanguka na degedege, na kufikia mwisho karibu theluthi yao walikuwa wamekufa kwa distempa. Kidole kilielekezwa kwa mbwa wetu wa vijijini, wasiochanjwa. Ugonjwa unaomwangusha simba hautashindwa na mbwa wa Goba.

Msilipe zote siku moja. Mwombeni mfugaji wiki 2 za kumrudisha mkishindwana, kwa maandishi. Anayempenda mbwa wake atakubali, tena huenda akaomba yeye kuja kumtembelea. Mwombeni na kitambaa au mkeka aliokuwa akilalia, usifuliwe. Chakula kisibadilike wiki ya kwanza, hata kama mnaona anakula vibaya. Jina msibadilishe. Wageni wasiitwe kuja kumwona, na msimwogeshe, kwanza ajue nyumba inanuka nini. Na awe na kamba hata uani kwa siku 10, kwa sababu mbwa mkubwa katika siku zile hukumbuka kwao, na ukuta wa futi 6 kwa Mjerumani mwenye kiu ya kwao si ukuta. Mlinzi wa usiku ampe chakula kwa mkono wake mwenyewe tangu siku ya kwanza, vinginevyo ndiye atakayekuwa mwizi.

Mama yako anauliza mbwa atalala wapi kwenu. Nimemwambia bado hamjasema. Zungumzeni hilo nyinyi wawili kabla hamjakwenda huko, maana kama jibu ni bandani nyuma ya nyumba, basi mwacheni huyo dume alipo. Aliyezoea kulala akisikia watu wakipumua mtamvunja moyo.

Mkienda Jumamosi nipigieni video. Ya jikoni, si ya uani.

Baba yako